Alasiri Niliyokwama Birikani

Nyumba tunayokaa hapa Malindi ilijengwa na baba mkwe wangu, Mungu amrehemu. Ina vyumba vinne, na hakuna hata kimoja ninachoweza kukiita changu. Meza yangu ya kuandikia iko katika chumba cha kulala, imebanwa kati ya kitanda na kabati la nguo. Niliitengeneza mwenyewe kwa mbao za mlango wa zamani. Kwa vile nafasi ni finyu, nikikaa kitanda hunigusa mgongoni na ukuta huwa mbele ya pua. Nikitaka kuinuka, hutoka kwa ubavu kama kaa.

Mimi ni mtoto wa fundi mwashi. Baba yangu alijenga nyumba nyingi Kilifi, na kwa kuwa hakujaaliwa mtoto wa kiume, alinichukua mimi. Nilijua kuchanganya mchanga na saruji kabla sijajua kupika wali ukachambuka. Nilimshikia timazi ya kupimia unyoofu wa ukuta, nikampelekea karai, nikajifunza kusikia kwa mwiko kama plasta imeshika ukuta au imejibandika tu. Nilipoolewa nilikuja na masanduku mawili ya nguo na kikapu kimoja cha vifaa vyake vya zamani. Watu wa mtaa walicheka. Baadaye rafu za jikoni nikazitengeneza mimi, mfereji wa maji ya bafuni nikauchimba mimi, banda la kuku nikaligongomea mimi, wakaacha kucheka wakaanza kubisha hodi. Huyu bomba lake linavuja, yule mlango wake haufungi.

Na katikati ya hayo yote naandika. Nilikuwa nimetoa vitabu viwili vidogo vya watoto, kisha nikaanza riwaya, na riwaya ile nilikuwa nayo mwaka wa sita. Ilikuwa habari ya mwanamke ambaye mumewe alikwenda Arabuni kutafuta kazi asirudi, naye akabaki na mtoto katika nyumba ya wakwe. Katika sura ya tisa alitakiwa aondoke. Nilimvisha buibui, nikamtilia nguo mfukoni, nikamfikisha mlangoni. Hakutoka. Nilimwandika upya mara sijui ngapi, na kila mara aliishia kizingitini akiwa ameshika komeo.

Mume wangu ni fundi wa mitambo katika kiwanda kimoja cha chumvi huko Gongoni. Hulala huko huko siku za kazi, akarudi Jumamosi jioni, viatu vyake vyeupe kwa chumvi. Kwa hiyo siku sita za juma nyumba ni ya wanawake: mimi, binti zangu wawili, mmoja wa miaka kumi na minne na mmoja wa sita, na mavyaa wangu, mama wa mume wangu.

Mavyaa hakuwa mkali. Ningepata mkali ningejua la kufanya. Yeye alikuwa na zoea moja tu, na zoea hilo lilinikera miaka yote. Kila siku baada ya chakula cha mchana, nikishaingia chumbani na kufunga mlango, alichukua mkeka wake akautandika ukumbini, hapo hapo mbele ya mlango wangu, akaegemea ukuta na tasbihi mkononi. Alikaa hapo hadi alasiri. Nikitaka kwenda msalani, sharti niiruke miguu yake.

"Niwie radhi, Mama."

"Pita, mwanangu."

Nikirudi, naye yupo. Nilimsikia akikohoa, nilisikia shanga zikigongana, nikasema moyoni, mlinzi yuko kazini. Niliamini ananichunga. Nilidhani anahesabu ni muda gani mke wa mwanawe anakaa kitako bila kushika ufagio.

Mambo yalipasuka mwezi wa nne mwaka jana, shule zikiwa zimefungwa. Mhariri wangu wa Nairobi alikuwa ameniandikia kwa upole kwamba wamenisubiri vya kutosha. Birika letu la maji nalo lilikuwa linavuja. Hili ni birika kubwa lililochimbwa uani, nyuma ya jiko, ambalo hujazwa maji ya mfereji siku yakija, na ndilo tunalotegemea siku yasipokuja. Mafundi wawili walikuwa wamelitia viraka, lisipone. Nililikausha lote ili lifanyiwe kazi, tukawa tunaishi kwa madebe na pipa. Jumapili ile, mume wangu akiwa nyumbani, niliamka nimeazimia kuandika. Kabla ya saa nne asubuhi nilikuwa nimeitwa mara saba: mtoto hajapata kiatu, jirani ana bomba, kuku kaingia jikoni, mume wangu hajui kikoi chake cha kulalia kiko wapi. Mara ya saba nilitoka chumbani nikapiga kelele. Sikumbuki yote niliyoyasema. Nakumbuka nilisema, "Katika nyumba hii hakuna hata mtu mmoja anayeona kazi yangu ni kazi!" Kisha nikalia mbele ya watoto, na hilo lilikuwa halijawahi kutokea.

Alasiri mume wangu alikusanya watu wote ukumbini akasema kwa sauti ile ya chini anayoitumia kwenye mambo mazito:

"Kuanzia kesho, mama yenu akiingia chumbani baada ya adhuhuri, asigongewe mpaka alasiri iadhiniwe. Hata nyumba ikiungua, mtanipigia mimi simu Gongoni. Na mama," akamgeukia mamake, "naomba nawe usikae pale mlangoni. Kaa barazani kuna upepo."

Mavyaa alitazama mikono yake. "Sawa, mwanangu."

"Na hilo birika lisikushughulishe," akaniambia mimi. "Ijumaa nitamtuma fundi. Wewe andika."

Nilipaswa kufurahi. Nilimshukuru, na nilimshukuru kwa kweli. Lakini usiku nilihisi kama mtu aliyekuwa akisukuma mlango kwa nguvu zake zote, halafu mlango ukafunguliwa ghafla kutoka upande wa pili.

Jumatatu niliingia chumbani, nikafunga mlango, nyumba ikanyamaza. Niliandika sentensi moja nikaifuta. Jumanne hata sentensi hiyo haikuja. Nilikaa nikitazama ukuta, na ukuta ule niliupiga plasta mimi, kwa hiyo niliona kila kosa lililokuwemo. Miaka sita nilikuwa nimesema, laiti wangeniacha. Sasa wameniacha. Mwanamke wangu alikuwa bado kizingitini, na hapakuwa na jirani wala kuku wa kumsingizia.

Jumatano niliingia chumbani kama kawaida. Mwanangu mkubwa aliniletea gilasi ya maji, akaiweka mezani bila kusema neno, akatoka na kufunga mlango taratibu. Nilingoja. Nilipojua kila mtu yuko upande wa mbele, nilivaa gauni langu la kazi, nikafungua mlango polepole, nikaufunga nyuma yangu, nikatokea mlango wa uani nikinyata kama mwizi wa kuku.

Mchanga na saruji vilikuwa tayari nyuma ya jiko vikimsubiri fundi wa Ijumaa. Nilichanganya kiasi cha karai tatu na dawa ya kuzuia maji, nikateremsha ngazi ndani ya birika, nikateremsha karai na mwiko wa baba, nikashuka. Ngazi hiyo niliiunda mimi kwa miti ya mivinje na misumari niliyoing'oa kwenye kitanda kibovu.

Siwezi kusema uongo, nilifurahi. Ndani kulikuwa na ubaridi mzuri, na mwanga uliingia kwa lile tundu la juu tu, mraba mmoja, ukaangukia sakafuni. Niliuona ufa mara moja, pale ambapo mafundi wote wawili walikuwa wamepaka juu bila kuukwangua. Niliukwangua, nikaulowesha, nikaanza kupiga plasta. Mkono wangu ulijua kila kitu. Nyuma ya ukuta wetu kuna fundi wa kuchomelea vyuma, anayetengeneza mageti, na mashine yake ya kukatia ilikuwa ikilia bila kupumzika. Nilifanya kazi saa nzima bila kumfikiria mtu yeyote, si wa kweli wala wa kubuni.

Karai la tatu lilipokwisha nilipanda niongeze saruji. Nilikuwa kwenye kidato cha nne mguu mmoja wa ngazi ulipopasuka kwa urefu wake wote. Misumari ilichomoka, vidato vikaachana, nikaanguka chini kwa upande. Nilisikia kifundo cha mguu kikitoa sauti ndogo, kavu, na baada ya hapo sikusikia kitu kwa muda kwa sababu ya maumivu.

Nilipotulia nilitazama juu. Birika lina kina cha futi saba, na mimi ni mfupi. Niligeuza karai nikapanda juu yake kwa mguu mmoja. Vidole vyangu vilifika ukingoni, lakini kujivuta sikuweza, na nilipojaribu kuegemea ukuta plasta mbichi ilinifuata mikononi. Kazi yangu ya saa nzima ikabomoka mapande mapande. Nikakaa chini juu ya karai.

Papo hapo umeme ukakatika. Nililijua hilo kwa sababu mashine ya jirani ilinyamaza ghafla, nikasikia feni za ukumbini zikilalamikiwa, kisha mavyaa na wanangu wakatoka uani kutafuta hewa. Walikaa kwenye kivuli cha jiko, hatua kama kumi kutoka kwenye tundu la birika, ila ukuta wa jiko na pipa la maji viliwazuia wasinione mimi wala kazi yangu. Sauti zao ziliniingia wazi kana kwamba wamo humo ndani pamoja nami.

Hapo ndipo ningeita. Neno moja tu lingetosha. Nilifungua kinywa, nikamsikia mwanangu mdogo akinong'ona:

"Bibi, naweza kuimba?"

"Subiri alasiri," mavyaa akamjibu. "Mamako anaandika."

"Polepole?"

"Hata polepole. Maneno ni kama ndege, yakishtuka huruka."

Nikafunga kinywa. Ningewaambia nini? Kwamba mtoto amezuiwa kuimba siku tatu kwa ajili ya chumba kitupu? Nilijiambia nitangoja kidogo, nipate la kusema.

Kisha nikasikia hodi. Alikuwa jirani yetu, mwanamke anayeuza mahamri, rafiki wa mavyaa.

"Mwambie mamako aje anitazamie bomba langu la jikoni," alimwambia mwanangu mkubwa. "Linatoa maji kama lina hasira."

"Shikamoo, shangazi. Mama anaandika."

"Dakika moja tu."

"Hata moja, shangazi. Baba amesema. Nikufungie hilo bomba kwa mpira mpaka alasiri?"

Jirani akacheka. "Haya, mlinzi. Lakini hebu niambieni, anaandika nini kisichokwisha? Huyu mwanamke nimemjua akiandika tangu mimba ya huyu mdogo."

Nilijua mavyaa atajibu nini. Nilijiandaa kwa jibu hilo kama mtu anavyojiandaa kwa kofi.

"Kaa kitako nikueleze," mavyaa akasema. "Kuna mwanamke, mumewe yuko Arabuni. Mwaka wa kwanza aliandika, mwaka wa pili akatuma salamu, wa tatu kimya. Basi mwanamke yuko na wifi zake, na wifi mmoja ana jicho la pembe, huyo usimwamini. Wanamwambia, ngoja. Naye anangoja. Lakini chini ya kitanda ana mfuko, na ndani ya mfuko mna nguo mbili za mtoto na picha ya mamake..."

Alisimulia yote. Alisimulia sura ya kwanza hadi ya nane, mahali pengine vizuri kuliko nilivyoandika, na mahali pengine aliongeza mambo yasiyokuwamo. Picha ya mama, kwa mfano, sikuwa nimeiandika. Mavyaa hajui kusoma maandishi yetu haya. Anasoma Kurani, basi.

"Umeyajuaje yote hayo?" jirani akauliza.

"Husoma kwa sauti akiwa peke yake, hajui kama yuasikika. Mimi hukaa mlangoni nikamsikiliza. Miaka yote. Sasa mwanangu kanihamisha, sijui mambo yamefikia wapi." Shanga za tasbihi yake zikagongana. "Na hata kabla ya hapo, miezi mingi sikumsikia. Nahofia amemuua yule mwanamke wake."

Nilikuwa nimekaa juu ya karai, mguu umenyooka mbele yangu ukivimba, saruji ikinikaukia mikononi. Nilitamani kuita kuliko kitu chochote, na sikuweza kabisa. Kama ningekuwa nimeanguka tu, ningeita. Lakini sasa nilikuwa pia mtu anayesikiliza maneno yasiyokusudiwa masikio yake, na mwongo juu yake.

Nikiwa katika kusitasita huko, umeme ukarudi. "Stima!" watoto wakapiga kelele, kisha wakajizuia wenyewe kwa "shhh." Mashine ya jirani ikaanza kulia. Jirani akaaga. Mlango wa uani ukafungwa, na wote wakaingia ndani kwenye feni.

Hapo ndipo nikaita. Niliita kwa nguvu zangu zote, na sauti yangu ikazunguka kuta za birika ikanirudia usoni, na juu yake ule mlio wa chuma kukata chuma. Niliita mpaka koo likawasha. Nilirusha kipande cha ngazi kitokee tunduni. Kilitoka, kikaanguka juu mahali fulani kwenye mchanga, na hakuna aliyekiona. Mraba wa mwanga ulikuwa umehama sakafuni ukaanza kupanda ukutani. Niliuona ukipanda tofali moja, nikajua saa inakwenda. Hofu ilinijia taratibu. Nilifikiria kwamba amri ya mume wangu ilikuwa wazi: asigongewe. Wangeweza kuniacha hata baada ya alasiri, kwa kunionea huruma, wakisema leo maneno yamekuja, tumwache. Nilicheka peke yangu, kisha nikalia, kisha nikaanza kusoma aya ninazozijua moja baada ya nyingine.

Kilichoniokoa ni sala. Adhana ya alasiri ilipoanza, fundi wa chuma alizima mashine yake aende msikitini. Na mavyaa, ambaye hutawadha kwenye pipa lililo nyuma ya jiko, alitoka. Nilizisikia kandambili zake.

"Mama!"

Kandambili zikasimama.

"Mama! Mimi hapa!"

"Nani?"

"Mimi. Nimo birikani."

"Birikani wafanya nini?"

"Nimeanguka. Ngazi imevunjika. Mguu wangu..."

Kichwa chake kilichofungwa leso kikatokea kwenye ule mraba. Sikumwona uso, kwa vile mwanga ulikuwa nyuma yake.

"Lahaula," akasema. Kisha akageuka akamwita mwanangu mkubwa, akamtuma mbio msikitini akamngoje yule fundi wa chuma mlangoni na kumwambia aje na ngazi yake. Nilisikia miguu ya mwanangu ikikimbia. Halafu mavyaa akafanya jambo ambalo sikulitarajia. Aliketi chini pale ukingoni, akiguna kwa magoti yake.

"Si ulikuwa waandika wewe?"

"Sikuwa nikiandika, Mama."

"Leo?"

"Tangu Jumatatu."

Kisha akauliza, "Na yule mwanamke?"

Nilijua anamuuliza nani, lakini nikasema, "Yupi?"

"Wa Arabuni. Ametoka?"

"Hajatoka. Kila nikimfikisha mlangoni hatoki. Sijui atatokaje."

"Mtoto wake si ana homa?"

"Ana homa."

"Basi atatokaje na mtoto ana homa? Mponye mtoto kwanza."

Nilitaka kumweleza kwamba homa ile ina maana yake, kwamba niliipanga. Mguu ulinipwita, na alikuwa amesema kweli, nikaacha.

"Mimi nilitoka," mavyaa akasema.

Nilidhani sikusikia vizuri.

"Nilitoka nyumba hii. Mumeo alikuwa ameshaanza kutembea. Nilichukua mfuko nikaenda Kikambala kwa dada yangu. Mumewe alikuwa mpishi wa hoteli huko. Nilikaa siku tisa."

"Kwa nini ulirudi, Mama? Kwa ajili ya mtoto?"

"Mtoto nilikuwa naye mgongoni."

"Walikuja kukuchukua?"

"Nani aje? Hakuja mtu." Alichukua kijiti akaanza kuchora kwenye saruji iliyomwagika ukingoni. "Nilichoka kulala chumba cha watu. Hapa ni kubaya, lakini najua taa iko wapi nikiamka. Nikarudi. Mume wangu aliniuliza, kuna chai? Nikamwambia, ipo. Ndiyo ikawa imekwisha hivyo. Nimekaa miaka arubaini na kitu, na hakuna aliyeniuliza zile siku tisa nilikuwa wapi."

"Ulijuta?"

"Kutoka au kurudi?"

Hakungoja jibu, kwa maana ngazi ya chuma ilikuwa inaingia uani ikigonga kila kitu, na nyuma ya fundi walikuja wanaume wawili wa msikitini wakiwa bado na kofia zao. Nilitolewa mbele ya watu hao, nimejaa saruji kichwani hadi miguuni, mwanangu mdogo akinitazama kwa macho makubwa. "Mama," akasema, "ulikuwa waandika humo ndani?"

Daktari alisema mfupa umepata ufa, wakanifunga plasta nyeupe hadi karibu na goti. Mume wangu alikuja usiku ule ule bila kungoja Jumamosi. Hakunifokea kuhusu ngazi wala hatari. Aliketi kando ya kitanda, akaushika ule mguu uliofungwa, akauliza jambo moja.

"Tulikuwa tukinyamaza kwa ajili ya nani?"

"Nisamehe."

"Mimi si kitu, sikuwepo. Huyu mdogo ametembea siku tatu kwa ncha za vidole. Na mama umemfanya akahama pahali pake."

"Wewe ndiye uliyemhamisha," nilisema, na mara nikajuta.

"Kwa maneno yako," akanijibu.

Hatukuzungumza tena siku hiyo. Ulikuwa ni ukweli, na ukweli huo nilikaa nao majuma sita, maana sikuweza kutoka. Sikuweza kupanda kitu, kuchimba kitu wala kugongomea kitu. Fundi wa Ijumaa alikuja. Nilimsikia kutoka kitandani akimuuliza mume wangu ni nani huyu aliyeukwangua ufa vizuri hivi. Nilifurahi kwa siku nzima kwa ajili ya maneno hayo, kama mjinga.

Siku ya tano nilimwita mavyaa. Alisimama mlangoni, hakutaka kuvuka.

"Mama, nakuomba ruhusa. Zile siku tisa. Nataka nimpe yule mwanamke."

Alifikiri. "Usitie jina langu."

"Sitii jina la mtu."

"Na usinifanye nikalia. Sikulia."

"Alipofika Kikambala alifanya nini siku ya kwanza?"

"Alilala," akasema, akaingia, akaketi kitandani nyuma ya kiti changu. "Alilala mpaka adhuhuri, na hakuna aliyemwamsha."

Tuliiandika sura ya tisa hivyo. Nasema tuliiandika, na hapa sharti niseme kweli yote, kwamba haikuwa raha. Mavyaa ni msikilizaji mgumu. Alinikatiza kila sentensi. Wifi yule hakumtaka hata kidogo apate wema. Picha ya mama alilazimisha iwemo, ikabidi nirudi sura ya pili kuipanda. Mbele yangu ukuta, nyuma yangu mavyaa, na mguu umefungwa. Kuna siku nilitaka kupiga yowe. Siku moja nilimwambia, kwa adabu zote nilizonazo, "Mama, leo niache kidogo peke yangu." Aliinuka akatoka. Hakuja kesho yake, wala kesho kutwa. Nyumba ikawa na ule ukimya niliouomba miaka yote, nami nikakaa ndani yake nikaandika mistari minne, mibaya yote. Siku ya tatu nilimwita tena.

Mhariri wangu alipoisoma sura alinipigia simu. Alisema ni nzuri, lakini kwa nini mwanamke arudi? Wasomaji watataka aende zake. Nilimwambia nitafikiri. Nilifikiri kwa juma zima. Mimi pia nilitaka aende. Nilikuwa nimemwandika miaka sita ili aende, kwa sababu mimi sina pa kwenda na sitaki kwenda, na yote mawili ni kweli kwa pamoja, na sikuwa nimepata kulisema hilo hata kwangu mwenyewe. Nilimrudishia mhariri jibu kwamba atarudi. Amekubali shingo upande. Kitabu bado kiko kwake.

Siku niliyofunguliwa mguu, nilitoka chumbani kwa mkongojo na karatasi za sura ya kumi kwapani, nikaenda barazani. Mavyaa alikuwa amekaa na jirani wa mahamri, wanachambua mchicha. Mwanangu mdogo alikuwa akiimba kwa sauti ya juu wimbo usio na kichwa wala miguu. Mkubwa alikuwa amekaa ngazini na simu. Nilivuta kigoda.

"Nisome?" nikauliza.

Mavyaa hakuinua macho kutoka kwenye mchicha. "Alishafika nyumbani?"

"Ndiyo anafika."

"Na mume wake?"

"Hajulikani aliko bado."

"Huyo muache huko huko," jirani akasema. "Soma basi, nina mahamri kwenye moto."

Nikasoma. Mtoto hakuacha kuimba, na sikumwambia aache. Nilipofika katikati ya ukurasa wa pili, jirani akanishika mkono, akaniuliza lini nitapata nafasi nikamtazamie lile bomba.